Mtutu haujafa: vichwa vya kusubu kwenye Savage 340 ya zamani

Msomaji mmoja anayeishi Lewiston, Maine, ameniandikia barua ndefu. Nimeifupisha hivi:

"Shikamoo mzee. Nimenunua bunduki aina ya Savage 340, inayotumia risasi za .30-30, kwa jirani yetu aliyeacha kuwinda, dola 200 pamoja na magazini moja (kile kisanduku cha kuwekea risasi). Risasi za dukani zimepanda bei, basi mwenzangu kazini akanipa vichwa mia vya kusubu (vya risasi iliyoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu), ambavyo yeye anavipiga kwenye Winchester yake miaka nenda rudi. Tukavipakia pamoja kwake. Kwa yadi 50 matundu yangu yametawanyika kama sahani ya wali, na mawili yametoboa karatasi kwa ubavu. Nilipochungulia mtutu nikaona utando wa kijivu, mwingi zaidi upande wa chemba, kule nyuma ganda linapokaa. Fundi mmoja ameniambia mtutu umekwisha, niuze bunduki. Ni kweli? Na kama inatengenezeka, naweza kuwindia kulungu Novemba? Tena nataka kuanza kusubu mwenyewe."

Marahaba, kijana. Bunduki usiiuze bado. Mtutu uliokwisha una dalili zake, na hizo ulizonieleza si zake. Ulichonieleza ni kichwa chembamba ndani ya mtutu mpana. Hilo ni tatizo la kipimo, na kipimo kinarekebishika kwa pesa kidogo na jioni mbili tatu za uvumilivu.

Tuelewane maneno kwanza, maana Kiswahili kimetupa neno moja kwa vitu vitatu. Risasi ni ile metali nzito ya kijivu, risasi ni kile kinachoruka, na risasi ni kitu kizima unachokitia kwenye bunduki. Hapa nikisema risasi nakusudia metali, na kile kitu kizima nitakiita risasi nzima. Kinachoruka nitakiita kichwa. Ganda, fataki (kile kidude kinachowasha baruti) na baruti vinabaki na majina yao. Ndani ya mtutu kuna mifereji inayopinda taratibu kuelekea mdomoni, na kati ya mfereji na mfereji kuna tuta, kama shamba la viazi lililosokotwa.

Sasa, kwa nini vichwa vya dukani huenda sawa kwenye bunduki kama hii na hivi vya kusubu vikatapanyika kwako? Kichwa cha dukani kimevikwa koti la shaba. Koti hilo ni gumu, halijali sana kama mtutu umezidi kidogo, litashika matuta na kuzunguka. Kichwa cha risasi tupu hakina koti. Kazi yote ya kuziba mtutu kinaifanya chenyewe kwa unene wake. Kikiwa chembamba kuliko mifereji, moshi wa baruti unaponyoka pembeni yake kwa kasi na joto kali, kama maji yanayotoka kwenye bomba lenye washa iliyolika. Moshi huo unakata ubavu wa kichwa na kuipaka risasi kwenye ukuta wa mtutu. Na kwa kuwa unaponyoka tangu mwanzo wa safari, rangi ile ya kijivu inarundikana upande wa chemba, pale pale ulipoiona wewe. Ingekuwa imejaa upande wa mdomo tu, ningekuambia mafuta ya kichwa, yale kinayopakwa ili kiteleze, yameisha njiani. Ingekuwa imeenea mtutu mzima, ningeshuku mtutu wenye mikwaruzo au kutu. Matundu ya ubavu nayo yanasema hilo hilo: kichwa hakikushika matuta sawasawa, kikatoka kinayumba.

Huyo mwenzako hakukudanganya. Vichwa vyake ni vizuri, kwa mtutu wake. Mitutu miwili iliyoandikwa .30-30 inaweza kupishana kwa 0.001 au 0.002 ya inchi, na kwa vichwa vya kusubu tofauti hiyo ndiyo kila kitu. Kitabuni mtutu wa .30-30, ukipima kutoka mfereji hadi mfereji unaotazamana nao, ni inchi 0.308. Savage yangu mimi ilitoa 0.3095. Kichwa cha 0.309 kinachoruka vizuri kwa mwingine, kwangu kilikuwa kinapita kama mtoto aliyevaa viatu vya babake.

Na kuhusu bunduki yenyewe, usione aibu nayo. Savage walianza kuuza 340 mwaka 1950, ikitokana na Stevens 325 iliyoitangulia, wakaendelea nayo hadi katikati ya miaka ya 1980. Iliuzwa pia kwa majina mengine kwenye maduka makubwa kama Sears na Western Auto, ndiyo maana unaweza kukuta pacha wake akiwa na jina usilolijua. Ilikuwa bunduki ya mfanyakazi wa kiwandani mwenye wiki moja ya likizo mwezi Novemba. Bolti yake, kile chuma cha kuvuta kinachofunga chemba, ina jino la kufungia moja tu mbele, magazini ni ya bati lililokunjwa, na ukitaka kufunga darubini kwenye nyingi ya zile za mwanzo unalazimika kuifunga ubavuni. Unafuu wote umewekwa huko. Mtutu wenyewe, kwa nilizozishika, mara nyingi ni mzuri kuliko bei yake.

Tena umebahatika kwenye aina ya ganda. .30-30 ilitoka 1895 kwa ajili ya Winchester ya modeli ya 1894, ni miongoni mwa risasi nzima za mwanzo kabisa za uwindaji za Kimarekani kutumia baruti isiyo na moshi mzito. Shingo ya ganda lake ni ndefu, kwa hiyo inafunika vile vijifereji vya mafuta vilivyo kwenye kichwa. Mitutu yake kwa kawaida inapinda mara moja kila inchi 12, mpindo mpole usiokichuna kichwa laini. Na shinikizo lake ni la wastani. Ukimwambia mzee wa kusubu vichwa achague ganda moja la kufundishia wajukuu, hili halitakosekana mdomoni mwake.

Anza na usafi, lakini si ule unaoufikiria. Watu huona kijivu wakakimbilia kusugua risasi. Chini ya ile risasi kuna kitu cha zamani zaidi: shaba ya makoti ya miaka hamsini. Risasi hupenda kunasa kwenye shaba. Ukiondoa kijivu ukaacha shaba, kichwa cha kumi kitakurudishia kijivu chako. Kwa hiyo toa bolti, hakikisha chemba na magazini ni tupu, chungulia tena, kisha uondoe risasi kwa brashi ya zamani iliyozungushiwa nyuzi za shaba kutoka kwenye pedi za kusugulia sufuria. Hakikisha ni shaba halisi. Jaribu kwa sumaku. Ikinasa, ni chuma kilichopakwa rangi, itupe. Halafu tia dawa ya kuondoa shaba, iache dakika zilizoandikwa kwenye chupa, sukuma kitambaa. Kitambaa changu cha kwanza kilitoka bluu, ile bluu ya kufulia mashati meupe ya shule. Nilidhani cha tano kitakuwa cheupe. Kilikuwa cha arobaini na kitu, siku ya tatu. Usichoke mapema. Na fimbo ya kusafishia ipitishe kutokea chemba, si mdomoni.

Mdomo wa mtutu uangalie hapo hapo. Bunduki nyingi za bei nafuu zilisafishwa miaka yote kutokea mbele kwa fimbo ya chuma, na ukingo wa mdomo ukaliwa upande mmoja. Chukua pamba ya masikio, izungushe taratibu ukiivuta nje kupita ukingo. Ikinasa uzi mahali pamoja kila mara, hapo pana kijino, na fundi mwenye mashine atausawazisha mdomo kwa nusu saa. Isiponasa, endelea.

Sasa tunafika kwenye kazi yenyewe, kupima mtutu. Nunua risasi laini ya kuvulia samaki, ile ya umbo la yai, iwe nene kidogo kuliko tundu. Paka mtutu mafuta mepesi. Bolti iwe mezani. Igonge risasi iingie mdomoni kwa nyundo ya plastiki au ya mbao. Itanyolewa kipete cha risasi pale mdomoni, hiyo ni dalili njema kwamba imejaa. Kisha isukume kwa fimbo ya shaba iliyozungushiwa utepe. Usitumie kijiti cha mbao. Kijiti cha mbao kinapasuka kwa mshazari, kinajibana kama kabari, na utakuja kuniandikia barua nyingine yenye matusi.

Unavyosukuma, sikiliza kwa mikono. Mtutu mzuri unakinza sawasawa mwanzo hadi mwisho. Ukihisi mahali imelegea ghafla halafu ikakaza tena, hapo pana uvimbe au kutu, na hilo linahitaji macho ya fundi kabla ya kupiga tena. Kwangu ilikaza kidogo chini ya kile kipande cha chuma kinachoshikilia mtutu kwenye ubao, kisha ikaenda laini mpaka ikadondokea kwenye kiganja. Ile risasi iliyodondoka ni picha ya tumbo la mtutu wako. Utaona matuta yameandikwa ndani yake kama mikunjo ya gauni. Pima sehemu iliyochomoza, maana hiyo ndiyo iliyojaza mfereji. Tumia maikromita, kifaa cha kupimia unene kwa usahihi, si kalipa ya dola kumi, tunatafuta 0.0005 ya inchi hapa. Mifereji ikiwa minne au sita, kila mmoja unatazamana na mwenzake na kupima ni rahisi. Ikiwa mitano haitazamani, peleka kwa fundi mwenye kishikio cha pembe tatu. Pima mara tatu, uandike.

Namba ukiipata, kanuni yangu ni hii: kichwa kizidi mfereji kwa 0.001 hadi 0.002 ya inchi, mradi tu risasi nzima iingie kwenye chemba bila kulazimishwa. Mtutu wa 0.3085 unataka kichwa cha 0.310. Mtutu wa 0.3095 kama wangu unataka 0.311. Vichwa mia ulivyopewa pengine vimepitishwa kwenye kipimio cha 0.309, yaani tundu la chuma linalokibana kichwa kifikie unene huo, na huwezi kuvinenepesha. Mrudishie mwenzako umwombe vile vile kabla havijapimiwa, kama vinavyotoka kwenye kalibu. Mara nyingi vinatoka 0.310 au zaidi na vinakufaa hivyo hivyo.

Lakini hapa ndipo wengi wanapoishia, na ndipo niliposumbuka mimi msimu mzima. Nilipata vichwa vya 0.311, vizuri, vinang'aa. Nikapakia. Kijivu kikarudi. Nikabadilisha mafuta ya kichwa, nikabadilisha baruti, nikambishia kila mtu kwenye kiwanja cha shabaha. Mpaka siku moja mzee mmoja wa Pennsylvania, mstaafu wa machimbo ya makaa, akaniomba ganda moja nililolipachika kichwa bila fataki wala baruti. Akalitia kwenye ile nyundo ya plastiki ya kuchomolea, akagonga mara mbili juu ya gogo, kichwa kikatoka. Akakiweka kwenye maikromita yake, akanipa nisome mwenyewe: 0.3085. Kiliingia kinene, kikatoka kimekonda. Shingo ya ganda ilikuwa imekikamua.

Sababu ni kwamba vifaa vya kawaida vya kupakia vimetengenezewa vichwa vya koti la shaba. Vinaibana shingo ya ganda iwe nyembamba ili imshike yule mgumu. Umpachike laini mahali pale, ganda linashinda. Ulikuwa na kichwa sahihi mkononi, lakini kilichofika kwenye mtutu si hicho. Dawa yake ni kipanuzi cha shingo kilichotengenezwa kwa vichwa vya kusubu, ambacho kinaitanua shingo na kuupanua mdomo kidogo tu, uwe kama mdomo wa tarumbeta, ili kichwa kikae chini bila kunyolewa. Kifanyie jaribio hili kabla ya jingine lolote: pachika kichwa kwenye ganda tupu kabisa, kichomoe, kipime. Namba ya kabla na namba ya baada zikilingana, umevuka mto. Zisipolingana, hata usubu vichwa vya dhahabu, havitakusaidia.

Wenye haraka watakuambia usubu kwa mchanganyiko mgumu zaidi. Hilo ndilo kosa la kila anayeanza, na wauzaji wa vichwa wanalipenda kwa sababu kichwa kigumu hakiharibiki kwenye boksi la posta. Risasi tupu kwenye kipimo cha ugumu cha Brinell ni kama 5. Mchanganyiko maarufu wa Lyman namba 2, wenye risasi sehemu 90, bati 5 na antimoni 5, unafika kama 15. (Bati hapa ni ile metali yenyewe iliyomo kwenye lehemu, si la kuezekea, na antimoni ni ndugu wa wanja wa manga waliojipaka bibi zetu.) Metali ya herufi za matbaa za zamani inafika 22. Kwa .30-30 ya mwendo wa wastani, 12 hadi 15 inatosha sana. Kichwa kigumu ambacho ni chembamba hakitanuki kujaza mfereji, kinabaki chembamba na ukaidi wake. Laini kidogo ila kinene, ndiye mchumba. Ukitaka kupima ugumu bila mashine, nunua penseli za wachoraji za daraja mbalimbali: ile ya kwanza inayochimba badala ya kuteleza inakupa picha ya kutosha.

Chini ya kichwa kuna kingo ndogo ya kuvishwa kikombe cha shaba, kama kofia iliyogeuzwa. Vichwa vyako vikiwa na nafasi hiyo, vivishe. Kikombe kinalinda kitako kisichomwe na kinaruhusu mwendo mkubwa zaidi. Bila kikombe mimi sipendi kuvuka futi 1,400 kwa sekunde au karibu na hapo. Nikiwa nacho, nabaki kati ya 1,600 na 2,000. Baadhi ya wenzangu wanakwenda juu zaidi. Bunduki zao ni za kwao.

Kipimo cha baruti sikuandikii, na usikichukue kwa mtu yeyote kwa mdomo, hata huyo mwenzako mwema. Chukua kwenye kitabu cha kampuni iliyotengeneza baruti hiyo, ukurasa wa vichwa vya kusubu, uzito ule ule wa kichwa, anza na kipimo cha chini. Bolti yako ina jino moja la mbele, na imepita mikononi mwa watu tusiowajua. Kuna jambo moja la kuogopa kweli katika mchezo huu. Baruti zinazotumika kwa vichwa vya kusubu mara nyingi ni za haraka na kidogo, zinajaza chini ya nusu ya ganda. Maana yake ukisahau ukamimina mara mbili, ganda halitamwagika likuonye. Litapokea zote kimya. Kwa hiyo maganda yangu yote hamsini yanasimama kwenye ubao wenye matundu, na kabla ya kupachika kichwa hata kimoja nayamulika kwa tochi moja baada ya jingine. Simu iko chumba kingine. Mke wangu anajua asiniite.

Na ukiwa kiwanjani, mlio ukitoka hafifu kama mtu aliyepiga kofi chini ya blanketi, simama. Kichwa kinaweza kuwa kimekwama katikati ya mtutu. Subiri nusu dakika mdomo ukiwa umeelekea kwenye shabaha, toa bolti, chungulia uone mwanga. Anayepiga ya pili kwa pupa ndiye anayepasua mtutu.

Skurubu: ile pete ya chuma inayozunguka mtutu na ubao wa mbele kwenye 340 ina skurubu yake. Ikikazwa kwa hasira inauvuta mtutu na shabaha inahama unavyopata joto. Ikaze ishike tu, uweke alama ya rangi, upige matano, ulegeze robo, upige matano mengine. Utaona wapi bunduki inapapenda.

Haya, Novemba. Huyo mnyama wa Maine tunamwita kulungu kwa mazoea, ingawa kulungu wetu wa nyumbani ana pembe za kusokota na hazidondoki. Wa huko ni jamii ya ayala, ayala wa mkia mweupe. Kichwa cha kusubu cha greni 170, yaani gramu 11, chenye pua bapa, kinamuua vizuri kabisa kikipigwa mahali pake na kwa umbali wa heshima. Umbali wa heshima kwangu ni yadi 100 kwa anayejua bunduki yake, na kwako mwaka huu ni 60. Pua iwe bapa, si ya mchongoko. Magazini yako ya sanduku inaruhusu mchongoko, lakini mchongoko wa risasi hupita mwilini kimya bila kufanya kazi. Usiende na mchanganyiko mgumu wa matbaa, unaweza kuvunjika kwenye mfupa. Lenga mapafu, nyuma ya bega, kisha umpe dakika zake kabla ya kumfuata. Ukifika mwisho wa Oktoba na matundu matano kwa yadi 50 hayafunikwi na kifuniko cha chupa ya chai, nenda na risasi nzima za dukani za koti la shaba. Mnyama hana deni na majaribio yako.

Nyama nayo ichunguze. Kichwa cha kusubu hakisambaratiki sana kama cha koti lenye pua laini, lakini risasi ni risasi. Mwaka 2008 idara ya afya ya North Dakota iliwaambia wagawaji wa chakula cha msaada waache nyama ya ayala iliyotolewa na wawindaji baada ya vipande vya risasi kuonekana ndani yake. Kata kwa ukarimu kuzunguka jeraha, usiwape wajawazito na watoto nyama ya karibu na tundu. California tangu Julai 2019 imepiga marufuku kabisa vichwa vya risasi kwenye uwindaji, kwa sababu ya ndege aina ya kondori wanaokula mizoga. Maine hawajafika huko, ila ukihama, uliza.

Umesema unataka kuanza kusubu mwenyewe. Hapo nitakuwa mkali kidogo. Sisi tunaotoka Afrika Mashariki tunaijua risasi kwa sura nyingine. Owino Uhuru, Mombasa, watu waliugua na kufa kwa sababu ya kiwanda kilichoyeyusha betri za magari katikati ya makazi yao. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Kwa hiyo, betri ya gari usiiguse kabisa. Mbali na asidi, mabamba yake yana vitu vinavyoweza kutoa gesi za sumu vikiyeyushwa. Nunua risasi safi au vizito vya magurudumu vya zamani. Vizito vipya vingi ni vya zinki, na zinki ikiingia kwenye sufuria inaharibu mchanganyiko wote. Risasi inayeyuka kwa nyuzi 327 za Selsiasi, zinki kwa 420 hivi, basi ukiweka moto wa chini zinki itaelea juu uitoe kwa kijiko.

Fanyia nje au kwenye banda lenye upepo unaopita. Tone moja la maji likidondokea kwenye risasi iliyoyeyuka linalipuka kuwa mvuke na kukurushia moto usoni, kwa hiyo miwani, mikono mirefu, viatu vya kufunika, na jasho lako liwe mbali. Usile, usinywe, usivute sigara hapo. Nguo za kazi zibaki bandani, zifuliwe peke yake. Watoto wasiingie, hata kukuletea chai. Nchini Marekani daktari wa mtoto anaanza kufuatilia damu ikifika maikrogramu 3.5 za risasi kwa desilita, ni kidogo mno kuliko unavyodhani. Wewe mwenyewe pima damu kabla ya kuanza na kila mwaka.

La mwisho, na wala si dogo, ni karatasi zako. Hukuniambia upo Marekani kwa hati gani. Mwenye ukaazi wa kudumu anaruhusiwa na sheria ya shirikisho kumiliki bunduki. Mwenye viza ya muda, kama ya mwanafunzi au ya matembezi, kwa kawaida haruhusiwi hata kuishika, isipokuwa aangukie kwenye moja ya nafuu zilizowekwa, na leseni halali ya uwindaji ya jimbo ni mojawapo. Kama kesi yako ya kuomba hifadhi bado iko mahakamani, usiguse hata ganda tupu mpaka umeonana na mwanasheria wa uhamiaji. Nimemwona mtu aliyepoteza kila kitu kwa picha moja aliyoiweka simuni. Na haya yote ninayokuandikia yabaki huko ulipo. Kenya uwindaji wa mchezo umekatazwa tangu 1977, na Tanzania ambako unaruhusiwa kwa leseni, kujitengenezea risasi nzima nyumbani bila kibali ni kosa. Usimtumie binamu wa Morogoro kalibu kama zawadi.

Ukishapima, niletee namba tatu: mfereji wa mtutu, kichwa kabla ya kupachikwa, na kile ulichokichomoa kwenye ganda tupu. Nikiziona nitakuambia ununue kipanuzi kipi.